Mchele Uliobakiza Moja

Mchele ulifika kabla ya adhuhuri juu ya baiskeli, mfuko wa kilo ishirini wa mchele wa bonde la Imbo uliofungwa kwa mpira wa tairi. Mwenye baiskeli alisema umetumwa na Anouar, kwamba mwenyewe atafuata jioni akishafunga kibanda, na kwamba mama asiupike wote, abakize wa Iddi. Mama yake Anouar, Sijaona, alimpa maji ya kunywa, akauburuta mfuko hadi nyuma ya mlango wa jiko, akarudi kwenye maharagwe yake. Jioni mchele ulikuwa palepale. Anouar hakuja.

Kibanda cha Anouar cha kutengeneza simu kilikuwa Kamenge, upande wa barabara ya hospitali. Wauzaji wa jirani walisema gari lilikuja, la vioo vyeusi, likasimama, likaondoka. Zaidi ya hapo kila mmoja wao alikuwa ameinama wakati ule akitafuta kitu kilichomwanguka. Sijaona na mkwewe Fadhila walizunguka kila mahali wanapofungwa watu, kisha kila mahali wanapolazwa watu, na kote waliambiwa jina hilo halipo. Waliambiwa kwa upole, kama mtu anavyoambiwa dukani kwamba sukari imekwisha.

Nyumba yao iko Ngagara, katika zile karitie zenye namba badala ya majina, na ina barza ya saruji inayotazama njia. Ni nyumba iliyozoea watu. Siku za kwanza ilijaa hadi viatu vikakosa pa kuwekwa. Ndugu walitoka Buyenzi, majirani Wakristo walileta kreti za Fanta, na habari zote za mji zilipita hapo: nani ameolewa na nani, nani amefukuzwa kazi, nani amepata viza ya Kanada na hataki watu wajue. Halafu lile gari la vioo vyeusi likaanza kusimama kwenye kona. Halikufanya lolote. Dereva alikuwa akinunua karanga na kusoma simu. Lakini watu wa Ngagara wakaanza kupatwa na mafua, mmoja baada ya mwingine, wakawa wanatuma salamu kwa njia ya simu.

Sijaona alibaki na mkeka sebuleni, kwa sababu matanga ambayo hayajaanuliwa hayaruhusu mkeka kukunjwa. Fadhila alibaki bila kujua kama ahesabu eda au aendelee kupiga pasi mashati ya mumewe. Mwishowe Sijaona alimwendea Sheikh Aboubacar, ambaye mchana hushona viti vya magari na jioni husomesha, akamkuta na sindano mdomoni.

"Mi nataka nijue kama ni kulia ao ni kungoja," alimwambia. "Vyote viwili siwezi, Sheikh. Mi ni mutu mumoja."

Sheikh alitoa sindano mdomoni. Alisema hakuna mwili na hakuna shahidi, kwa hiyo hawezi kumswalia mtu kama maiti. Lakini kwao kulikuwa na desturi ambayo babu yake aliivusha kutoka Ujiji, uradi wa punje. Nafaka hugawiwa sawasawa kwa wote walioketi. Ikigawanyika yote, basi kila anayengojwa amefika. Watu husoma, kwa kila punje neno moja, na matanga huanuliwa siku hiyo hiyo. Ikibaki punje, kuna mtu hajafika. Hutajwa jina lake, nafaka hurudishwa mfukoni, na watu huendelea kungoja.

"Punje haisemi yuko hai wala haisemi amekufa," Sheikh alisema. "Inasema hajafika."

Sijaona alichagua mchele wa Anouar. Aliona haifai kununua mwingine wakati mwenyewe alikwisha kutuma.

Alhamisi ya kwanza walikuwa watano. Waliugawa mchele kwa gilasi ya chai, kisha kwa kifuniko cha soda, kisha kwa vidole, kazi iliyokula mchana mzima, na mwisho ikabaki punje moja katikati ya sinia. Sheikh alisema, "Anouar hajafika," nao wakaitikia, wakaurudisha mchele mfukoni. Alhamisi iliyofuata walikuwa saba, ikabaki moja. Kisha wakawa watatu tu, maana gari lilikuwa limesogea karibu zaidi na geti, na ikabaki moja. Wakawa tisa. Wakawa kumi na mmoja. Kila mara gilasi zilitosha, vifuniko vilitosha, na punje moja ilikaa katikati ya sinia ikingoja kutajwa.

Habari kama hiyo haikai ndani ya ukuta. Mafua ya Ngagara yalianza kupona. Watu walioliogopa gari walizidiwa na hamu ya kujionea, na ukweli ni kwamba kugawa punje ni kazi nzuri kwa mazungumzo. Mikono ina shughuli, mdomo uko huru. Ndoa mbili zilipangwa juu ya sinia lile na moja ilivunjika. Wakafika kumi na wawili, kumi na watatu, kumi na wanne. Ikabaki moja.

Wa kumi na sita alikuwa Dative, mwalimu wa hesabu, aliyekaa avenyu ya pili na aliyekuwa na rozari yake shingoni. Alimfahamu Anouar kwa kuwa alimtengenezea simu mara nyingi kuliko simu yenyewe ilivyostahili. Aligawa pamoja na wengine, akaiona punje ikibaki, akauliza siku zilizopita walikuwa wangapi. Fadhila alimtajia. Dative aliomba kipande cha mkaa, akatoka barzani, akaandika kwenye saruji.

Aliporudi alieleza kwamba ukishajua kilichotokea mlipokuwa watano, saba, tisa, kumi na mmoja, kumi na watatu na kumi na sita, zingine zinafuata zenyewe, kama wadogo wanavyofuata wakubwa. Namba yenye tabia ya kubakiza moja kila inapogawiwa, kuanzia watu wawili hadi kumi na sita, si nyingi. Ya kwanza ni moja yenyewe: ukiwa na punje moja na watu wengi, kila mtu anapata sifuri na punje inabaki. Inayofuata iko mbali sana.

"Ni laki saba, elfu ishirini, mia saba na ishirini na moja," alisema. "Katikati hapa hakuna ingine."

Ilias, binamu wa marehemu mume wa Sijaona, hununua vipande vya dhahabu na ana mzani wa kazi hiyo. Alihesabu punje elfu moja, akazipima: gramu ishirini na saba na robo tatu. Dative alizidisha barzani kwa mkaa wake. Ilitoka kilo ishirini. Alisema namba nyingine ya tabia hiyo ipo, milioni moja na laki nne na zaidi, lakini hiyo ingekuwa mfuko wa kilo arobaini, na Anouar hakununua kilo arobaini. Basi ikakubaliwa kwamba ndiyo hiyo.

Sijaona hakuuliza namba ilifikaje ndani ya mfuko. Aliuliza itaisha vipi.

Dative alikaa tena barzani, safari hii muda mrefu, hadi chai yake ikaota ngozi. Akasema namba hii inakubali kugawanyika bila baki kwa njia mbili tu, ukiacha mtu mmoja kuichukua yote au kila mtu kuchukua punje moja. Wawe watu sabini na mmoja, kila mmoja apate punje elfu kumi, mia moja hamsini na moja. Au wawe watu elfu kumi, mia moja hamsini na moja, kila mmoja apate punje sabini na moja. Hao wa pili hawaenei Ngagara.

"Na wiki ijayo," aliongeza, "mukiwa kumi na saba, zitabaki sita. Sijui za nani. Hesabu haina majina."

Alhamisi iliyofuata wa kumi na saba alikuwa Marcellin.

Marcellin ni jirani, nyumba yake iko ng'ambo ya njia. Ni mtu mwenye salamu ndefu, anayejua nani amelala wapi na nani amepokea mgeni, na aliyekuwa akizungumza na dereva wa lile gari kupitia kioo kilichoshushwa nusu. Wengine hawakupenda kumwona akivua viatu. Lakini nyumba ya matanga haina mlango, na yeye alikuwa ameleta majani ya chai. Alisogezewa nafasi. Aligawa kwa mikono safi na ya haraka, akawapasha habari za mwanamke fulani wa karitie ya pili aliyenunua friji na hana umeme.

Zikabaki punje sita.

"Sita hawajafika," Sheikh alisema. "Wa kwanza ni Anouar. Wengine ni nani?"

Sijaona siku zote alikuwa ametafuta mtu mmoja. Desturi haikubali punje irudi mfukoni bila jina, kwa hiyo watu walikaa wakizitazama, na adhana ya alasiri ilikuwa karibu. Marcellin alichovya andazi katika chai, akalimeza, akaanza kuhesabu kwa vidole ili kusaidia.

"Espoir," alisema. "Audace. Armel. Shaabani, yule wa kubandika vioo vya simu. Na mumoja wa koti la bluu. Huyo alikuja kununua yuniti za simu tu. Jina hatukumuuliza."

"Hamukumuuliza nyinyi na nani?" Fadhila aliuliza.

"Mi nilikaa mbele na dereva, shemeji. Nilionyesha mulango, basi. Na mulango wenyewe ulikuwa wazi."

Sheikh alizitaja punje zote sita, moja moja, na ya sita akaiita ya koti la bluu. Watu waliitikia kila mara. Marcellin naye aliitikia. Kisha aliomba sukari, na Sijaona, aliyekuwa karibu na kopo, akampitishia.

Kuwapata mama za wale wengine hakukuwa kazi kubwa. Jina likishatajwa, mji huu unajua njia. Mama Espoir alikuwa Elvire, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, mwanamke mwenye sauti ya kuita wateja kutoka ng'ambo ya barabara. Alikuja na mama wa Armel na mama wa Audace, na mama wa Shaabani akaja kutoka Buyenzi na dada zake. Wa koti la bluu hakuwa na wa kumwita. Walisimama pale kilipokuwa kibanda, ambapo sasa yupo mtu anayeuza mkaa, wakauliza nani alimjua mtu wa koti la bluu aliyekwenda kununua yuniti. Makoti ya bluu ni mengi.

Elvire alipoambiwa habari za Marcellin alikwenda kusimama mbele ya nyumba yake. Alimwambia, mbele ya watu, kwamba hata mbwa anayekula kuku hufuta manyoya mdomoni. Marcellin alimjibu kwamba jua ni kali, aingie kivulini. Dereva wa gari alishusha kioo ili asikie vizuri. Elvire akarudi.

Sasa shida ilikuwa ni watu. Walihitaji sabini na mmoja, na mwezi ule gari lilikuwa limehamia mbele ya geti kabisa, hata mgeni akawa anapita kati ya kioo chake na ukuta. Sijaona alitembea nyumba hadi nyumba. Alikwenda Buyenzi kwa mafundi waliofanya kazi na mumewe, akaenda Kamenge na Elvire, akaenda hadi Kigobe, mtaa wa wakubwa, kwa mtu ambaye zamani yeye alikuwa akimfulia nguo, huyo akampa kreti ya soda ili asilazimike kumpa jibu. Waliokubali walikuwa sitini na wanne. Aliwahesabu tena barzani mbele ya Dative, na wakawa haohao.

"Bado saba," Dative alisema.

"Bado mumoja," Sijaona alisema. "Wale sita ni wenyewe. Ni wao tunaongoja, tutaacha namna gani kuwahesabu?"

Dative aliandika sita chini ya sitini na nne, akajumlisha, akaona kweli bado mmoja. Katika njia yote ile alikuwepo mtu mmoja tu asiyeogopa gari, na ambaye alikuwa hajaombwa.

Elvire alisema yeye hakai mkeka mmoja na yule mtu. Sijaona alimwambia kwamba mkeka ni mrefu. Elvire alisema kama hivyo ndivyo, mwanawe abaki alipo. Sijaona alimmiminia chai, akakaa naye, na wanawake hao wawili walitazama ukuta hadi chai ikapoa. Elvire akainuka, akasema basi yeye atakaa karibu na mlango, upande wa upepo.

Sijaona alivuka njia mwenyewe. Marcellin alikuwa akinyoa ndevu. Alisema atakuja bila shaka, ujirani ni nini, akauliza kama kutakuwa na pilau.

"Ukikaa mpaka mwisho," Sijaona alimwambia.

Siku hiyo nyumba ilijaa kama zamani. Watu walikaa sebuleni, vyumbani, barzani, uani, hadi ndani ya jiko. Mafundi wa Buyenzi walikuja na harufu yao ya grisi. Majirani wa Dative waliingia na rozari, wakauliza kwa aibu wao wasome nini. Sheikh aliwaambia punje haiulizi, kila mtu aseme neno alilo nalo. Walitaniana. Mtu mmoja alisema laiti wangejua kuja wengi hivi, wangekuja na harusi. Mchele ulipita juu ya vichwa, katika masinia, nyungo, vifuniko vya sufuria, na kila mmoja akapata fungu lake la punje elfu kumi na moja na themanini na nane. Ikabaki moja. Dative alikuwa amewaambia itakuwa hivyo: sitini na tano ni tano mara kumi na tatu, na kwa hizo zote mbili ile namba ilikwisha kubakiza moja.

"Anouar hajafika," Sheikh alisema. Safari hii mchele haukurudishwa. Walikaa nao mapajani.

Waliswali magharibi uani. Watu walipokuwa wakikaa tena, geti lilisukumwa na wale sita wakaingia. Walikuwa wamepita kati ya kioo cha gari na ukuta kama kila mtu. Walitaka kuvua viatu wakakuta hawana. Nywele zao zilikuwa na mchanga mweupe, ule wa mtoni, na Armel alikuwa na jani la tete limemnata shingoni, ambalo mama yake alilitoa akalitia mfukoni mwa kitenge. Kila mama alisogea kidogo kwenye mkeka, kama anavyosogea kwa mtu aliyechelewa. Espoir alimtafuta wake hadi karibu na mlango, upande wa upepo. Wa koti la bluu alisimama akitazama nyuso. Hakuna uso uliomwita, na palipokuwa wazi ni mahali pamoja tu, kando ya Marcellin, kwa sababu watu walikuwa wamemwachia nafasi. Akakaa hapo.

Fadhila alimimina gilasi sita za chai. Hazikunywewa, lakini zilipoa haraka kuliko za wengine.

Dative alisema kwa sauti kwamba kila aliyekuwepo tangu mchana atoe punje mia tisa thelathini na saba. Ilichukua muda. Mtu aliyekuwa akikosea alianza upya na hakuna aliyemcheka. Zilipokusanywa zote katika sinia moja zilikuwa elfu sitini, mia tisa na tano, ambazo hazigawanyiki kwa sita. Sheikh alichukua ile punje moja iliyobaki, akaiweka juu yake. Sasa ziligawanyika, mafungu sita sawasawa, elfu kumi na mia moja hamsini na moja kila fungu, na walio hai walikuwa na hayohayo mapajani mwao. Sheikh aliugeuza mfuko nje ndani, akaukung'uta. Lilitoka vumbi.

Kabla hawajaanza kusoma, Sheikh aliwauliza wale sita wamelazwa wapi, ili watu waende na majembe na sanda. Wote sita waligeuza macho, wakamtazama Marcellin. Marcellin alitazama ndani ya gilasi yake, akasema chai ya leo imekolea. Mafundi wawili wa Buyenzi waliinuka nusu. Dative alitikisa kichwa, nao wakaketi, maana kumkera kungemwondoa, na akiondoka wangekuwa sabini.

Wakasoma. Isha iliadhiniwa wakiwa njiani bado. Punje ziliondoka paja la kulia zikaingia paja la kushoto, na sauti za watu sabini na mmoja, kila mmoja na neno lake, zilisikika hadi kwenye kona kama mvua ya mbali. Mwanamke aliyemuuzia karanga alimwambia dereva huo ni uradi. Dereva alisema anajua, hata kwao wapo Waislamu.

Sijaona alisoma akiwa amegusana bega na mwanawe. Alipobakiza punje chache alimgeukia.

"Mchele ulifika," alimwambia.

"Niliona," Anouar alisema. "Ulikuwa muzuri?"

"Sijaupika."

"Pika sasa, mama."

Upande wa pili wa chumba watu waliona Marcellin akimwinamia mwenzake wa koti la bluu. Alimuuliza jambo, na yule akamjibu, neno moja au mawili. Marcellin aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu aliyetambulishwa. Kisha wote wawili walirudi kwenye punje zao.

Walimaliza pamoja. Wale sita waliinuka, wakaaga mkono kwa mkono, wakatoka. Walipopita, dereva alirudisha kiti chake nyuma kidogo ili apate usingizi.

Ijumaa baada ya swala Sheikh alimswalia Anouar na wenzake swala ya maiti asiyekuwepo, kwa kuwa sasa alikuwa na mashahidi sitini na watano. Mkeka ulikunjwa. Fadhila alivaa nguo ya eda, akayapeleka mashati msikitini. Pilau ilipikwa uani katika masufuria ya kukodi, kilo zote ishirini, na ikapakuliwa sahani sabini na moja. Marcellin alikaa mpaka mwisho kama alivyoahidi, akasifu viungo, akaomba aongezwe, akaongezwa ukoko.

Sahani za marehemu huchukuliwa na mama zao. Sijaona alichukua ya Anouar akala yote, amesimama, bila kijiko. Elvire alifunga ya Espoir katika kitambaa, akaondoka bila kuaga upande wa Marcellin. Mama wa Armel, wa Audace na wa Shaabani walichukua zao.

Ikabaki moja.

Walimwuliza Marcellin jina la yule wa koti la bluu. Alikuna kidevu. Alisema kweli aliambiwa, jina zuri kabisa, na la baba yake pia, na mahali kwao, lakini limemtoka kwa sababu ya kusoma kwingi. Alisema litamrudia. Aliosha mikono, akashukuru, akavuka njia.

Sijaona aliifunika ile sahani kwa sahani nyingine, akaiweka juu ya kabati ya sebuleni. Siku ya pili ilikuwa na joto. Wiki iliyofuata ilikuwa na joto. Mvua za vuli zikaja na kupita, Fadhila akamaliza eda yake, gari likabadilishwa likaletwa jipya, jeupe, na sahani ilikuwa bado ina joto kama iliyopakuliwa sasa hivi. Wageni wakifika huiona, hugusa kifuniko, huendelea na habari zao. Nyumba imejaa tena, maana matanga yameanuliwa na hakuna tena cha kuogopa kuonekana nacho.

Marcellin amepata kazi Kigobe, ndani ya ukuta mrefu wenye walinzi, na anapita asubuhi akiwa amevaa tai. Kila Alhamisi husimama getini kusalimu.

"Bado iko, mama?"

"Bado iko. Anaitwa nani?"

"Itanirudia," Marcellin husema. "We iache tu hapo."

Kisha hupanda pikipiki, hupungia dereva mkono, huenda kazini. Sijaona huingia ndani, hufunua sahani kuangalia. Mvuke hupanda, hulowesha kioo cha kabati, naye hufunika tena.